Maji meupe kwenye dreni baada ya kupasuliwa umio: yanatoka wapi, na lini kifua kifunguliwe tena

Swali kutoka Kadutu, Bukavu (limefupishwa): Baba ana miaka 61, kilo 54. Alipasuliwa saratani ya umio, kipande cha umio kikaondolewa. Siku ya sita walianza kumpa maziwa kupitia mrija wa tumboni, na kumruhusu ameze kidogo. Kesho yake dreni (mrija wa kutoa maji) ya kifuani, upande wa kulia, ikaanza kutoa maji meupe kama maziwa: siku ya kwanza mililita 900, ya pili 1,250, ya tatu 1,100, jana 1,150. Dokta anasema ni shilotoraksi (limfu yenye mafuta kujaa kifuani) na amekataza mafuta. Mama anaona ni kumdhoofisha mgonjwa, anaendelea kumletea supu yenye mawese kidogo. Baba anahema akijisogeza kitandani. Je, huo ni usaha? Mafuta yana kosa gani? Lazima apasuliwe tena? Na je, ni ugonjwa uleule wa shangazi aliyevimba mkono baada ya kutolewa titi?

Jibu:

Pole sana dada, na pole kwa mama. Nianze na lile lisiloweza kungoja: supu ya mawese isimamishwe leo, hata kijiko kimoja. Nitaeleza sababu, na mama asomewe sehemu hiyo, kwa maana katika hospitali zetu chakula cha mgonjwa hutoka jikoni kwa jamaa. Dokta anaweza kuandika "bila mafuta" kwenye fishi kila asubuhi, lakini anayeitekeleza amri hiyo ni mwenye sufuria.

Mafuta tunayokula hayaingii moja kwa moja kwenye damu kama sukari. Utumbo huyafunga katika vitone vidogo sana na kuyamwaga kwenye mishipa ya limfu, yaani maji ya mwilini yanayosafiri nje ya mishipa ya damu. Mishipa hiyo hukutana nyuma ya tumbo, usawa wa pingili za kwanza za kiuno, na kuwa mrija mmoja unaopanda kifuani. Mrija huo una urefu wa sentimita 40 hivi na upana wa milimita 2 hadi 5 tu. Hupita nyuma ya umio, kulia mwa uti wa mgongo, kati ya mshipa mkuu wa damu (aota) na mshipa wa azigosi. Ukifika usawa wa pingili ya tano ya kifua huvuka kwenda kushoto, kisha humwagia limfu kwenye mishipa ya damu chini ya shingo, upande wa kushoto. Kwa mtu mzima hupitisha lita 1.5 hadi 2.5 kwa siku. Daktari anapoondoa umio wenye saratani anafanya kazi palepale ulipo mrija huo, nao ni mwembamba, hauna rangi, na kwa mgonjwa aliyefunga kula hauonekani kwa urahisi. Kuumia kwake ni hatari inayojulikana ya upasuaji huu, hata mikononi mwa wapasuaji wazuri. Ukiumia chini ya pale unapovuka, limfu hujaa kifua cha kulia, kama kwa baba yako. Ukiumia juu, hujaa cha kushoto.

Ndiyo maana maji meupe yalianza alipoanza kula. Mgonjwa aliyefunga hutoa limfu ya rangi ya majani makavu au yenye wekundu kidogo, na dreni inaweza kuonekana ya kawaida siku kadhaa. Mafuta ya kwanza yakiingia utumboni, yote huwa meupe ghafla. Kwa hiyo maji yakirudi kuwa maangavu baada ya kuacha mafuta, msiseme kidonda kimefunga. Rangi imebadilika kwa sababu ya chakula tu. Kinachohesabiwa ni ujazo.

Je, ni usaha? Kwa maelezo yako sidhani, lakini kwa mgonjwa huyu kuna mambo matatu ya kutenganisha, na la tatu husahaulika. Usaha ukiachwa kwenye chupa ndogo ya maabara au kuzungushwa kwenye mashine hutulia chini, na juu hubaki maji maangavu. Kwa kawaida una harufu na homa. Limfu ya mafuta hubaki nyeupe yote, au hujenga utando wa krimu juu, na haina harufu. La tatu ni maziwa yenyewe. Pale umio ulipounganishwa upya pakivuja, maziwa aliyomeza huingia kifuani na kutokea kwenye dreni yakiwa meupe vilevile! Kwa hiyo kabla ya kuamini neno shilotoraksi, ulizeni kama amenyweshwa rangi ya buluu (bluu ya methileni) kuona kama dreni inageuka rangi, au kama amepigwa picha akimeza dawa inayoonekana kwenye radio (eksirei). Mate, mabaki ya chakula, homa na harufu mbaya huelekeza kwenye kiungo kinachovuja, na hiyo ni dharura ya namna nyingine.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni trigliseridi (aina ya mafuta) za maji ya dreni. Maabara yoyote inayopima mafuta ya damu inaweza kupima na haya. Zikizidi 110 mg/dl (karatasi ikiandika kwa gramu, ni 1.1 g/l) ni limfu ya mafuta. Zikiwa chini ya 50 mg/dl kwa mtu anayekula, huenda si yenyewe. Zikiwa katikati, au mgonjwa alikuwa amefunga, wapime tena baada ya kumpa mafuta kidogo kwa makusudi. Hesabu ya chembe husaidia pia, kwa kuwa katika limfu nyingi mno ni limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za kinga), kwa kawaida zaidi ya asilimia 80.

Sasa mapafu, maana ndiyo yanayomfanya baba aheme. Limfu haiwashi utando wa pafu, kwa hiyo mara nyingi hakuna maumivu makali wala homa ya kuwatahadharisha. Inachofanya ni kuchukua nafasi. Lita moja ikikaa chini ya pafu, sehemu ya chini ya pafu hujikunja, vifuko vya hewa hushikana, kohozi hubaki ndani kwa kuwa mtu aliyepasuliwa kifua anaogopa kukohoa, na baada ya siku chache nimonia inakuta mlango wazi. Bukavu iko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata mtu mzima wa afya ana akiba ndogo kidogo ya oksijeni kuliko mtu wa Dar es Salaam. Andikeni kipimo chake cha oksijeni cha kidoleni akiwa ametulia, asubuhi na jioni. Kikishuka chini ya 92, au pointi tatu chini ya alichozoea, au akipumua zaidi ya mara 25 kwa dakika akiwa amelala, mwiteni muuguzi saa hiyo hiyo.

Jambo moja linanisumbua katika barua yako. Dreni inatoa zaidi ya lita kwa siku, na bado anahema. Dreni inayofanya kazi ingepaswa kumpa nafuu. Ama haitoi yote, ama pafu halijafunguka, ama nimonia imeanza. Aombewe picha ya kifua leo, ya kukaa na si ya kulala ikiwezekana.

Chupa ya dreni mwaweza kuiangalia wenyewe, nanyi ndio mnaokaa naye usiku. Ncha ya mrija ndani ya chupa izame kama sentimita 2 chini ya maji, isizidi sana, la sivyo mgonjwa anapata kazi kubwa ya kusukuma. Maji ndani ya mrija hupanda na kushuka anapopumua. Yakikoma kucheza, kwanza tafuteni mahali mrija ulipokunjika au alipoulalia. Kama haupo, huenda mafuta na damu vimeganda ndani, au pafu limefunguka kabisa, na muuguzi ndiye wa kutofautisha. Bandikeni utepe mweupe pembeni mwa chupa na kuweka alama kila siku saa ileile, mathalani saa moja asubuhi, pamoja na tarehe. Msiandike jumla baada ya kumwaga chupa bila kupima. Namba hizo ndizo zitakazoamua kama anapasuliwa. Chupa ikae chini ya kifua wakati wote, hata anaposukumwa kwenda radio. Msibane mrija kwa ajili ya safari hiyo. Chupa ikivunjika, tumbukizeni ncha ya mrija kwenye chupa nyingine ya maji safi. Mrija ukichomoka kifuani, funikeni tundu kwa kitambaa safi, gundisheni pande tatu, na kumwita mtu mara moja.

Ikibidi awekewe dreni mpya kwa maji yaliyojikusanya, yasitolewe yote kwa mkupuo. Baada ya lita 1 hadi 1.5 hufungwa kwa muda, kwa sababu pafu lililokunjwa siku nyingi likifunguliwa ghafla linaweza kujaa maji lenyewe. Dalili yake ni kikohozi kisichokoma na kifua kubana wakati maji yanatoka, msimwache anyamaze.

Nije kwenye mafuta na mama. Kila anapokula mafuta ya kawaida, mtiririko kwenye mrija ule huongezeka, na tundu lililoko pembeni mwake haliwezi kushikana huku linapitisha maji. Mawese, mafuta ya alizeti, siagi na mafuta ya ng'ombe yote yanapitia humo. Kijiko kimoja cha mezani cha mawese ni gramu 14 za mafuta, wakati mgonjwa wa namna hii, kama anaruhusiwa kula kabisa, hujaribu kutozidi gramu 10 kwa siku nzima. Kwa hiyo "kidogo" cha mama kimevuka mpaka kabla ya kuhesabu kitu kingine.

Mrija wa tumboni nao haukwepi kitu. Watu hudhani kwa kuwa chakula hakipiti umioni, hakina madhara. Lakini mafuta yaliyowekwa utumboni hunyonywa kwa njia ileile. Maziwa mazima yana gramu 8 hivi kwa kikombe cha mililita 250. Na kwa kuwa Kivu yote inaifahamu pakiti ya Plumpy'Nut, niseme wazi: pakiti moja ya gramu 92 ina takriban gramu 30 za mafuta. Ni chakula kizuri kwa mtoto mwenye utapiamlo, kwa baba ni sumu ya wiki hizi. Karanga, avokado, fromaji ya Goma, sambaza za kukaanga, kiini cha yai na sombe iliyoungwa kwa mawese na karanga vyote vinawekwa kando. Uji wa masoso pia una soya, na soya ina mafuta. Mpikieni wa mahindi na mtama pekee.

Mama asidhani tunamnyima baba nguvu. Kwa kila lita ya limfu inayotoka anapoteza gramu 20 hadi 60 za protini, na ameshapoteza zaidi ya lita nne. Anahitaji kama gramu 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito, yaani gramu 80 kwa siku. Zinapatikana bila mafuta: unga wa maziwa yaliyoondolewa krimu (gramu 100 za unga zina protini kama gramu 35), ute mweupe wa yai (gramu 3.5 kila yai), tilapia ya kuchemsha iliyotolewa ngozi, kidari cha kuku bila ngozi, maharage yaliyopondwa na kuchujwa. Nguvu nyingine itoke kwenye wali laini, viazi, ndizi, fufu laini sana, asali. Sukari isizidi kwa mlo mmoja, kwani tumbo lililovutwa kifuani kushika nafasi ya umio humwaga chakula haraka, na mtu hutokwa jasho na kuharisha. Milo midogo sita hadi minane ni salama zaidi. Lengalenga ichemshwe kwa maji na chumvi. Supu ya mifupa ipoe kabisa, utando wa mafuta unaoganda juu uondolewe wote, ndipo ipashwe. Hayo yote, narudia, ni kama dokta ameruhusu chakula.

Kuna mafuta maalumu ya mnyororo wa kati, kwa Kifaransa yameandikwa TCM kwenye chupa, ambayo huingia moja kwa moja kwenye damu ya ini bila kupita kwenye limfu. Huanzwa kwa mililita 5 kwa mlo na kuongezwa polepole, la sivyo yanaharisha. Mafuta ya nazi si mbadala wake, hata kama muuzaji ataapa. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, na sehemu kubwa ya hiyo hupitia limfu kama mafuta mengine.

Kwa ujazo wa baba, hata hivyo, kupunguza mafuta peke yake sioni kama kutatosha. Hatua inayofuata ni kusimamisha chakula chote, cha kinywani na cha mrija, na kumlisha kwa mshipa mkubwa wa damu. Hapo mafuta yanaruhusiwa, kwa sababu yanaingia damuni moja kwa moja. Wengi huongeza dawa ya oktreotidi, mikrogramu 100 chini ya ngozi kila saa nane, ambayo hupunguza mtiririko wa limfu. Sukari ya damu ipimwe, maana inaweza kupanda au kushuka. Kama hospitali haina lishe ya mshipani, hiyo ni sababu ya kuharakisha upasuaji au kumhamisha, wala si sababu ya kumweka njaa wiki mbili akingoja.

Apasuliwe lini? Baada ya upasuaji wa umio, kipimo kinachotumiwa sana ni mililita 10 kwa kilo kwa siku, kwenye siku ya tano ya kuvuja akiwa anatibiwa bila kisu. Kwa kilo 54 ni mililita 540. Kipimo kingine ni zaidi ya lita moja kwa siku kwa siku tano. Baba yuko kwenye mara mbili ya kile cha kwanza na mlangoni mwa cha pili, ingawa supu ya mawese imeharibu hesabu. Maoni yangu: mafuta yakatwe kikweli leo, chakula kisimame, ujazo uangaliwe saa 48. Ukishuka chini ya nusu na kuendelea kushuka, subira ina maana. Ukibaki juu ya mililita 600, asingojee. Mgonjwa wa saratani ya umio huja hospitalini akiwa ameshakonda, na kila siku ya kuvuja inamfikisha kwenye meza ya upasuaji akiwa dhaifu zaidi. Zamani, kabla Lampson hajaonyesha mwaka 1948 kuwa mrija huu unaweza kufungwa, karibu nusu ya wagonjwa walikufa, wengi kwa kuishiwa na kwa maambukizi.

Operesheni yenyewe haihitaji mashine ya ajabu. Kifua cha kulia hufunguliwa, na juu kidogo ya kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) nyama yote iliyoko kati ya aota na mshipa wa azigosi hufungwa kwa uzi kwa pamoja, bila kuhangaika kutafuta tundu. Wengine humpa mgonjwa krimu kupitia mrija wa tumboni saa chache kabla, ili maji meupe yaonyeshe mahali panapovuja. Limfu baadaye hujitafutia njia ndogo nyingine. Ipo pia njia ya kuziba mrija kwa sindano kupitia tumboni, aliyoianzisha Constantin Cope huko Pennsylvania mwishoni mwa miaka ya 1990. Ni nzuri sana, lakini inataka mashine ya picha za mishipa na mkono uliozoea. Ulizeni, ila msipoteze wiki kuitafuta.

Wakati mnangoja, ombeni vipimo hivi kila siku ya pili au ya tatu: sodiamu, potasiamu, kalsiamu, albumini, hesabu ya damu na muda wa damu kuganda. Vitamini A, D, E na K husafiri na mafuta, kwa hiyo hutoka naye. Upungufu wa K huleta damu isiyoganda, jambo baya kwa mtu anayeelekea kupasuliwa, na sindano ya vitamini K huurekebisha. Limfosaiti zikimwagika, CD4 (zile zinazohesabiwa kwa wenye VVU) nazo hushuka, kwa hiyo namba ndogo ya CD4 wiki hii isisomwe peke yake kama dalili ya UKIMWI. Apimwe uzito kila asubuhi ikiwezekana.

Na mapafu yafanyiwe kazi: akae wima kiasi badala ya kulala chali, kila saa akiwa macho avute pumzi ndefu mara kumi na kuishikilia sekunde tatu, kisha akumbatie mto kifuani na kukohoa. Dawa ya maumivu apewe kabla ya mazoezi, si baada ya kushindwa. Atembee ukumbini, chupa ikiwa chini ya kiuno.

Shangazi ana tatizo jingine la mfumo uleule. Kwake tezi za kwapani ziliondolewa na limfu ya mkono imekosa njia. Mapafu yake hayahusiki. Mkono ufungwe bendeji ya kubana na ngozi itunzwe isipasuke.

Baba akikauka, yaani dreni ikishuka chini ya mililita 200 kwa siku na picha ikaonyesha pafu limefunguka, dreni isitolewe siku hiyo. Kwanza apewe mlo wenye mafuta, na hapo ndipo mama anaruhusiwa kijiko chake cha mawese, kisha chupa iangaliwe saa 24. Ikibaki na maji kidogo na maangavu, mrija utoke. Nyumbani aendelee na mafuta machache wiki mbili hadi nne nyingine, na apigwe picha ya kifua wiki moja baada ya kutoka. Akianza kuishiwa pumzi kwenye mteremko aliokuwa akiupanda bila taabu, arudi hospitalini siku hiyo, hata kama hana homa wala maumivu.